Uzi: Kaa koko mweusi na kaa koko wa kijani ni spishi mbili? Njooni na miiba, rangi mziache nyumbani

Kabari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jumanne nimeshusha matenga matatu ya kaa koko, wale wakubwa wa matope ya mikokoni, Dar. Wote hai, magando yamefungwa, hakuna hata mmoja aliyefia njiani, na safari ya kutoka delta ya Rufiji wakati wa masika mnaijua. Mnunuzi akafunua tenga la kwanza, akaanza kuwachambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele: wa kijani kushoto, weusi kulia. Wa kijani akalipa bei tuliyopatana. Weusi akawakata robo.

Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hawa ni aina nyingine, kijana wangu. Hawa hawakui." Akatoa simu, akanionyesha picha ya kaa wa kahawia, chini yake jina: Scylla olivacea.

Mimi nilisomea viumbe wa majini kabla sijaingia kwenye kunenepesha kaa vizimbani, na jina lile nalijua. Robo yangu iliniuma, nisiseme uongo. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba jina lenyewe ni la kweli na kaa wa kwenye picha yupo kweli duniani, ila siye aliyekuwa ndani ya tenga langu. Pale pale sikuwa na maneno ya kumgeuza. Nikachukua hela nikaondoka.

Sasa nauliza wanaojua, na wapenda ubishi pia karibuni: ukishika kaa wawili wanaokaribiana hivi, utajuaje kama ni spishi moja iliyotofautiana rangi, au ni spishi mbili kweli? Ninayoyajua nitayashusha hapa chini, mnirekebishe.

Ndimu_na_Pilipili

Kaa ni kaa, supu ni supu. Ila mkeka nimeshatandika, endelea.

Kabari

Tuanzie mbali kidogo. Huyu kaa wetu jina la kisayansi alipewa na Peter Forskål, aliyekwenda Uarabuni na msafara wa Denmark. Mwenyewe alifia Yemen mwaka 1763, maandishi yake yakachapishwa 1775. Alimwita Cancer serratus, yaani kaa wa msumeno, kwa ajili ya meno tisa yaliyojipanga kila upande wa gamba kutoka jichoni kwenda ubavuni. Baadaye akahamishiwa jenasi (kundi la spishi ndugu) Scylla.

Toka hapo kila kaa mkubwa wa matope, kuanzia huku kwetu mpaka Pasifiki, akatupiwa kwenye jina hilo moja. Mwaka 1949 Estampador wa Ufilipino alisema hapana, hawa si wamoja, akawagawa. Mwaka 1960 Stephenson na Campbell wa Australia wakasema tofauti alizotaja hazitoshi, wakawarudisha wote kwenye Scylla serrata. Ikakaa hivyo karibu miaka 40.

Mwaka 1998 ndipo Keenan, Davie na Mann walipofungua kesi upya. Hawakuchagua upande mmoja. Walipima miili kwa kipimo, wakapima protini, wakasoma na DNA ya mitokondria (vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli), kisha wakaangalia kama vyote vinaelekea kulekule. Vikaelekea: spishi nne. Serrata, tranquebarica, olivacea na paramamosain. (Hilo la mwisho limebeba ndani yake neno mamosain, ambalo ni la wavuvi wa Ufilipino. Wavuvi walikuwa wanawatenganisha zamani, wasomi wakafika baadaye.) Na kwa kuwa jina serrata lilihitaji kielelezo cha kulishikilia, waliteua kaa kutoka Bahari ya Shamu, kule kule alikopita Forskål.

Kaa koko wa pwani yetu ni huyo serrata. Olivacea kwao ni Asia ya kusini na kusini mashariki hadi kaskazini mwa Australia. Kwa hiyo mnunuzi wangu alikuwa anasema kwamba nimevua Rufiji kaa wa Thailand.

Mbishi_wa_Kudumu

Mkuu, na meli je? Meli zinabeba maji ya bahari kutoka huko zinamwaga huku. Huwezi kukataa kwa ramani peke yake.

Kabari

Hoja ya haki, na ndiyo maana sitaki kutumia ramani. Ramani inakwambia umtegemee nani, haikwambii umemshika nani. Tumwangalie kaa mwenyewe.

Mzee_wa_Bamvuo

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawaitikia marahaba mapema.

Mimi sikusoma hayo ya mitokondria, lakini kaa nimewatoa mashimoni kwa fimbo ya ndoano tangu niko kijana wa kuchunga mbuzi. Rangi ni tope. Kaa wa mlangoni mwa mkondo, pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka na chini kuna mchanga, huyo kijani. Kaa wa ndani kwenye mchu (mti wa jamii ya mikoko), tope jeusi linalonuka yai bovu, huyo mweusi kama sufuria la msibani. Niliwahi kumtia kizimbani jike mweusi mdogo, kizimba nimekikita mlangoni. Alipojivua gamba akatoka na kijani chake. Nikamwita mke wangu aje aone, akaniuliza kama nimeanza kurogwa.

Halafu huyo kaa "asiyekua" wa mnunuzi, mimi namjua. Ni kaa aliyetoka kujivua, gamba kubwa ndani maji matupu. Mshike hapa chini ubavuni ubonyeze. Likibonyea, mrudishe akale.

Kabari

Shikamoo Mzee. Umenimalizia nusu ya uzi.

Sasa meza ya chakula, kaa juu yake, tochi ya simu. Nimemweka mmoja mweusi na mmoja wa kijani wakati naandika haya, magando yamefungwa na kamba ya katani, na mweusi ananitolea povu.

Anza na paji, katikati ya macho. Kuna miiba minne imesimama kama meno ya kitana. Kwa serrata imepanda juu, ncha zake butu, na bonde kati ya mwiba na mwiba ni la mviringo. Kwa olivacea miiba hiyo ni mifupi, imelala kama kisu kilichonolewa mpaka kikaisha. Ukilinganisha urefu wake na upana wa paji, inafika karibu nusu tu ya ile ya serrata. Paramamosain naye ni mrefu wa miiba lakini ya pembetatu iliyonyooka, mabonde yake yana kona. Wangu wote wawili: imesimama, butu, bonde la mviringo.

Pili, nenda kwenye gando. Kabla hujafika kwenye kiganja chenyewe kuna kiungo kifupi, tukiite kifundo. Upande wake wa nje, serrata ana miiba miwili iliyo wazi, ukipitisha kidole inakukwaruza. Olivacea mkubwa mara nyingi utakuta mmoja umebaki mdogo tu au hakuna. Wangu: miwili, miwili. Mweusi amenichoma nao.

Tatu, miguu. Serrata ana michoro kama matundu ya wavu kwenye magando na miguu yote, dume na jike. Tranquebarica na paramamosain michoro hiyo huonekana zaidi kwenye jozi mbili za miguu ya nyuma. Olivacea ni kama hana. Kwa huyu mweusi ilibidi nimsugue na mswaki, tope limetoka, wavu ukaonekana mpaka kwenye kiganja cha gando.

Hapo hakuna olivacea. Kuna kaa mchafu.

Ndimu_na_Pilipili

Mswaki ni wa nani lakini?

Kabari

Tusiingie huko.

Mkoko_wa_Gazi

Salaam kutoka Kwale, Kenya. Kaka, kuhusu kaa koko nakuunga mkono, lakini usiache watu waondoke wakidhani somo ni "wote ni wamoja, rangi tu". Huku upande wetu yametokea ya kinyume: kaa tuliowaona wamoja wakaja kuwa wawili, tena wanne.

Mnamjua yule kaa wa kwenye mchu, ukanda wa juu karibu na nchi kavu, mwenye magando mekundu au ya chungwa, anayechukua jani lililoanguka anakimbia nalo shimoni? Vitabu vyote vilimwita Neosarmatium meinerti, kutoka Afrika Kusini mpaka Australia, jina moja. Mwaka 2009 Ragionieri na wenzake, Waitaliano na Mjerumani, walisoma DNA ya hao kaa kutoka pande zote wakapima na miili yao. Wakakuta makundi yaliyoachana kabisa. Mwaka 2012 wakayapa majina: meinerti ikabaki kwa wale wa visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi, wa bara letu akawa Neosarmatium africanum, na wengine wawili asiaticum na australiense.

Jambo la kuvutia ni mpangilio wa kazi yenyewe. Jeni ndizo zilizosema kwanza, "hapa kuna watu wanne". Wakarudi kwenye vielelezo vya makumbusho, vilevile vilivyokuwa vinatazamwa miaka nenda rudi, na safari hii wakaona tofauti za maumbo. Zilikuwepo siku zote, ni kwamba hakuna aliyejua pa kutazama.

Na wale wadogo wa gando moja kubwa, wanaopunga kama konda wa matatu? Wale weupe-weupe wengi wanaojaa maji yakipwa tuliwaita Uca annulipes. Mwaka 2016 Naderloo, Schubart na Shih walionyesha kuwa wa Afrika Mashariki ni spishi yake, wakamwita occidentalis, wa magharibi. Sasa anaandikwa Austruca occidentalis. Annulipes wa kweli yuko India kwenda mashariki.

Bi_Mkandaa

Mie swali langu la kizembe. Hao wadogo wa kupunga, kama wanafanana hivyo hata wataalamu walikosea, wao wenyewe wanajuanaje? Dume anampungia nani?

Mkoko_wa_Gazi

Si la kizembe hata kidogo, dada. Hapo ndipo wataalamu wa maumbo wanapoweka darubini yao. Mgeuze kaa dume chali. Ule mkia uliokunjwa tumboni, kwa dume ni mwembamba kama kabari, kwa jike ni mpana kama sahani. Ufunue wa dume: chini yake kuna vijiti vya kupandia, wataalamu huviita gonopodi. Urefu wake, ulivyopinda, ncha yake na manyoya yaliyopo nchani hutofautiana spishi kwa spishi hata pale gamba linapofanana kama pacha. Magamba hubanwa na maisha: wote wanaishi tope lilelile, wanakimbia ndege walewale, kwa hiyo wanafanana. Kijiti cha kupandia kinahusu mambo ya ndani ya ukoo.

Ubaya wake ni mmoja. Ukiletewa jike, au kaa mtoto, umekwama.

Mzee_wa_Bamvuo

Kabari umejiita mwenyewe basi.

Kabari

Mzee! Jina nilipewa na marehemu babu kwa sababu ya kuzuia mlango wa banda la kuku.

Dada_wa_Pipeti

Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa naingia. Nafanya kazi maabara ya vinasaba, si ya kaa peke yake, lakini kaa wamepita mezani kwangu.

Hapo jike na mtoto wanapowakwamisha watu wa maumbo ndipo sisi tunapopata kazi. Sihitaji kaa mzima. Nahitaji kipande cha nyama ya mguu, ukubwa wa punje ya mchele, ndani ya ethanoli kali. Mguu huota tena akijivua, kwa hiyo kaa anaweza kurudi zake shimoni. Nyama inasagwa, inayeyushwa, DNA inaoshwa mpaka inabaki yenyewe. Halafu PCR, ileile mliyoijua wakati wa korona: inachukua kipande kimoja unachokitaka na kukizalisha nakala mamilioni. Kwa kaa tunapenda vipande viwili vya mitokondria, 16S na COI. Hicho cha COI kina herufi kama 658. Tunazisoma moja moja, A, T, G, C, tunazipanga chini ya herufi za kaa wanaojulikana, tunahesabu mahali zinapotofautiana.

Kaa wawili wa spishi moja hutofautiana herufi chache. Spishi mbili, hata za ndugu wa karibu, kwa kawaida hutofautiana nyingi, na katikati kuna pengo. Penye pengo pana kazi ni rahisi. Pengo likiwa jembamba ndipo tunapogombana, maana hakuna namba iliyoandikwa mbinguni kwamba asilimia fulani ni spishi na chini yake si spishi.

Na kuna mitego ambayo watu wakitamka neno "DNA" husahau. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Kaa chotara aliyezaliwa na mama wa spishi A na baba wa spishi B, mimi na COI yangu nitakwambia ni A, safi kabisa, na nitakuwa nimekosea. Lazima upime na jeni za kiini cha seli. Mtego wa pili, kaa wana tabia ya kubeba nakala mbovu za jeni za mitokondria ndani ya kiini, mabaki ya zamani yasiyofanya kazi. Ukizisoma hizo badala ya jeni yenyewe, utapata "spishi mpya" ambayo haipo popote ila kwenye kompyuta yako. Ndiyo maana mtu wa jeni anayedharau mtu wa gonopodi mimi simwamini.

Mwisho, ombi. Nawaomba, msiweke sampuli kwenye formalini (ile dawa ya kuhifadhia maiti). Kijana mmoja aliniletea miguu 40 ya kaa, amewazungukia mwaka mzima, vichupa vimeandikwa vizuri kwa penseli, mahali, tarehe, aina ya mti, kila kitu. Nikafungua cha kwanza macho yakaniwasha. Formalini inaikoroga DNA na kuigandisha na protini. Katika 40 hatukupata hata mmoja wa kusomeka. Alikaa kwenye ngazi za nje akatazama barabara muda mrefu. Nilimletea chai, sikuwa na kingine.

Mbishi_wa_Kudumu

Pole yake. Lakini dada yangu, hebu tuseme ukweli. Wazungu hugawa spishi ili kila mmoja apate kuweka jina lake nyuma ya jina la kaa. Leo mmoja, kesho wanne, keshokutwa wanane. Kaa wenyewe hawajabadilika.

Dada_wa_Pipeti

Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini rudi juu usome tena ya Kabari: mwaka 1960 waliunganisha. Kama nia ni majina tu, kuunganisha kuna faida gani? Aliyegawa mwaka 1949 na walioungana kumpinga 1960 wote walikuwa wanatazama gamba, kila mmoja anaona lake. Waliofuata hawakushinda kwa kupaza sauti. Walileta ushahidi wa aina tatu isiyotegemeana na yote ikasema jambo moja. Kesi ya wizi ukiwa na shahidi mmoja ni maneno. Ukiwa na shahidi, alama za viatu na kuku mwenyewe kaonekana jikoni, hayo mambo mengine.

Mbishi_wa_Kudumu

Sawa, la kuku limeniingia. Bado hamjasema mvuvi inamsaidia nini.

Kabari

Nitakujibu kwa mfuko wangu. Kabla ya 1998 mtu akiandika utafiti Asia kuhusu kaa wa matope, mara nyingi aliandika Scylla serrata, hata kama mezani alikuwa na olivacea au paramamosain. Maandishi hayo bado yanazunguka. Mimi nilipoanza kizimba nilifuata mwongozo wa namna hiyo: ukubwa wa kukomaa, chumvi ya maji, lini wa kuvunwa. Serrata huyu wetu hupenda mikoko inayopata maji ya bahari yenye chumvi kamili muda mwingi wa mwaka. Ndugu zake watatu ndio wanaokaa zaidi kwenye maji yanayopungua chumvi mvua zikinyesha. Mimi nikaweka kizimba juu, maji baridi yanakoshukia, kwa sababu kitabu kilisema "Scylla serrata anavumilia". Kuvumilia alivumilia. Kula hakula, na uzito haukupanda. Nilikuja kuhamishia kizimba chini baada ya msimu mzima kupotea, na jirani yangu ambaye hajasoma kitabu chochote alikuwa huko chini tangu mwanzo.

Mtoto_wa_Amani

Mbishi, nikuongezee la milimani. Mimi natokea Muheza, juu Amani, huko bahari tunaisikia tu.

Kaa wa mitoni wana jambo ambalo kaa wa bahari hawana. Jike wa kaa koko huenda kutaga nje baharini, mayai kwa mamilioni, na watoto hupeperushwa na mikondo wiki kadhaa kabla ya kurudi mikokoni. Hivyo damu ya huku na ya kule huchanganyika. Kaa wa mtoni hana habari hizo. Watoto wanaanguliwa tayari ni kaa wadogo kamili, wanabebwa chini ya mkia wa mama, wanashukia kijito kilekile. Mlima huu na mlima ule vikitenganishwa na nyika kavu, kaa wake hawaonani. Ndiyo maana milimani kila ukisogea unakuta wa aina yake.

Huku kwetu Usambara kuna kaa anayeishi kwenye mashimo ya miti yanayojaa maji ya mvua. Juu ya mti! Yupo na Shimba Hills upande wa Kenya. Alipewa jina mwaka 2004 na Cumberlidge na Vannini: Potamonautes raybouldi. Watoto wa kijijini walikuwa wanamjua siku nyingi, kwenye karatasi ndipo hakuwepo.

Kuhusu faida: kuna usubi, ule ugonjwa wa kupofusha macho unaoenezwa na inzi wadogo weusi. Baadhi ya inzi hao mabuu yao hayakai kwenye mawe ya mtoni kama wengine. Yanajishika kwenye mwili wa kaa wa mtoni. Kenya waliyatafuta mabuu ya Simulium neavei hawayaoni, mpaka mwaka 1950 van Someren na McMahon walipoyakuta mgongoni mwa kaa. Kuanzia miaka ya 1940 hadi 1950 walitia dawa mitoni mpaka inzi huyo akatoweka huko Nyanza. Sasa si kila kaa hubeba mabuu hayo. Afisa wa afya akiambiwa "kaa ni kaa, supu ni supu", ataanzia mto upi?

Ndimu_na_Pilipili

Nimeitwa kwa jina. Nafuta kauli, supu inabaki.

Bi_Mkandaa

Mimi nimebakiwa na moja. Kabari alitwambia rangi tuziache nyumbani. Lakini kuna kaa mdogo wa mikokoni ana utepe wa kung'aa usoni, kibuluu hivi, na mwenzake anafanana naye ila uso si ule. Sisi wa kutembea humo tukitafuta chaza tunawatofautisha kwa uso. Tunakosea?

Mkoko_wa_Gazi

Hamkosei, na hapa Kabari itabidi anywe maji. Mwaka 2004 Gillikin na Schubart walieleza spishi mpya ya pwani yetu, wakaitofautisha na guttatum aliyejulikana zamani. Walitumia maumbo, pamoja na vinundu vidogo vilivyojipanga mgongoni mwa kidole cha gando, na DNA pia. Mnajua walimwita nani? Perisesarma samawati. Samawati, neno letu wenyewe, kwa ajili ya rangi. Siku hizi amehamishiwa jenasi Parasesarma, lakini samawati imebaki.

Kwa hiyo rangi si mwongo siku zote. Rangi ya gamba la kaa koko inatoka kwenye tope na umri. Utepe wa usoni wa hawa wadogo ni kama kitambulisho, wao wenyewe wanautumia kutazamana. Shida yake ni kwamba ukishamtia kaa kwenye ethanoli rangi huondoka, anabaki wa njano kama karatasi ya zamani. Waliokuwa wanaletewa vichupa Ulaya hawakuwahi kuuona uso huo. Wewe unayepita na ndoo ya chaza umeuona.

Bi_Mkandaa

Haya. Leo nitawapita kwa heshima.

Dada_wa_Pipeti

Ukipita, ukipenda, piga picha ya uso wakati yu hai, kabla ya kumgusa na chochote. Picha hiyo kwetu ni nusu ya sampuli. Andika na mti uliomkuta chini yake, mkoko au mchu au mkandaa, na maji yalikuwa yamepwa kiasi gani.

Kabari

Nimekunywa maji. Kichwa cha uzi sikibadilishi lakini, kimeshazoeleka.

Mrejesho: leo nimerudi Dar na tenga moja, nimewaosha wote. Nimemwomba mnunuzi dakika mbili. Nimemweka mweusi na wa kijani ubavu kwa ubavu juu ya mzani, nikamwambia asitazame gamba, atazame paji, ahesabu miiba, apitishe kidole kwenye kifundo. Mzee wa watu akavaa miwani, akahesabu kweli, akavuta picha ya simu yake akaikuza kwa vidole, akatazama paji la yule wa kwenye picha. Akanyamaza. Akamgeuza mweusi chali, akambonyeza ubavuni kama alivyosema Mzee wa Bamvuo. Halikubonyea.

"Hawa ni wamoja," akasema.

Nikasema ndiyo mzee wangu.

Akawapima wote pamoja kwa bei moja. Halafu akakata punguzo kidogo, nikamuuliza hiki nacho cha nini. Akasema umewaosha, wameongezeka maji.

Mzee_wa_Bamvuo

Huyo ndiye mnunuzi. Spishi yake haijagawanywa bado.